Nane Iliyosomeka Tatu

Juzi mwanangu ameshika nakala ya risiti ya duka la vifaa, anaigeuza kwenye mwanga. "Baba, kaboni yake iko wapi?" Nikamwambia haipo. Mgongoni mwa karatasi ya juu kuna vifuko visivyoonekana kwa macho, ndani yake mafuta yenye rangi ambayo haijawa rangi bado. Kalamu ikivipasua, mafuta yanashukia karatasi ya chini, yanakutana na resini yenye tindikali kidogo, bluu inatoka. Akaondoka zake. Mimi nikabaki na ile Jumamosi niliyokuwa mjini Mwanga.

Shemeji alikuwa na oda ya vitabu vya risiti, karatasi za NCR, hizi zinazonakili bila kaboni, za chini zimekwisha, za juu zimejaa stoo. Mzigo ulikuwa bado Dar. Begini nilikuwa na gramu 200 za unga wa resini ya fenoli, ile yenye tindikali, sampuli ya kazini. Nikasema hizo za chini tunazipaka wenyewe.

Vipimo nilivijua: resini gramu 100, maji 150, kisambazaji, yaani dawa ya kuzitawanya chembe majini, 3. Kisambazaji kinatangulia kwenye maji, ndipo unga umwagwe kidogo kidogo. Ukigeuza utaratibu, unga unaelea kama pumba, maana resini haishiki maji. Halafu unasaga chupani kwa gololi ndogo mpaka chembe zifike mikroni 1 au 2. Kwa asiye na hadubini, tone kwenye glasi ya maji litawanyike kama maziwa, lisiache punje chini.

Kisambazaji sikuwa nacho. Nikatia sabuni ya mawese.

Chupa tuliizungusha kwa zamu tangu alfajiri hadi magharibi. Tone likatawanyika, nikajisifu. Ila juu palikuwa na povu la vidole vinne. Kazini tungetia kiondoa povu na kuiacha itulie usiku kucha, lakini shemeji alikuwa na haraka na mimi nilikuwa na sifa. Nikachanganya na kaolini, udongo mweupe laini, na uji wa wanga wa muhogo, mwepesi kabisa, kwa kuwa gundi ikizidi inazifunika chembe na maandishi yanapauka. Nikapaka kwa spoku ya baiskeli niliyoizungushia waya mwembamba.

Ilipokauka, shemeji akalaza karatasi ya juu, akaandika 8,000, akafunua. Bluu ilikuwa inakolea taratibu mbele ya macho yetu. Tukashangilia. Kisha akaisogeza dirishani, akanyamaza. Kila kipovu kilichopasuka kilikuwa kimeacha kitundu kama kichwa cha sindano, na viwili vilikaa ubavuni kushoto mwa ile nane.

"Shemeji," akasema, "hii ni elfu tatu."

Tukasubiri mzigo wa Dar. Yeye hadi leo anailaumu sabuni. Mimi naona usiku mmoja wa kutulia ungetosha, ila sijajaribu tena. Zile gramu 100 zilizobaki bado ziko kwenye kopo.