Kovu la pafu na viza ya Uingereza

Ukiomba viza ya masomo ya zaidi ya miezi 6 Uingereza ukitokea Tanzania, lazima upimwe kifua kikuu kwanza. Wengi wanapigwa eksirei, wanaondoka na cheti. Mimi niliugua kifua kikuu sugu, kile kisichosikia dawa za kawaida, nikiwa kidato cha pili, nikalazwa hospitali ya Kibong'oto: sindano kila siku kwa miezi mingi, na vidonge vya kujaza kiganja. Nilipona kabisa, ila kovu bado linaonekana kwenye picha. Basi nikatoa makohozi asubuhi tatu mfululizo, yakaenda kuoteshwa maabara. Vimelea vya kifua kikuu hukua polepole, majibu huchukua hadi miezi 2. Mama alipiga simu kila jioni: "Mwanangu, bado?" Yalipotoka safi, alilia.

Sasa niko Leeds, nasomea afya ya jamii. Zile sindano ziliniathiri masikio. Sauti nyembamba sizipati, hivyo darasani nakaa mbele kabisa. Nawe uliyepona kama mimi, kapime mapema na ubebe karatasi zako zote za matibabu. Siku hizi wagonjwa wengi wanatibiwa kwa vidonge tu, bila sindano. Nafurahi sana kwa ajili yao.