Mekapu ya Dar haifai kwa upepo wa Dodoma

Mbukwenyi wapendwa.

Karibu kila video ya mekapu ninayoiona kwenye simu imerekodiwa na mtu anayetoka jasho. Anapaka poda, anaongeza poda, halafu anajipulizia dawa ili uso usiyeyuke. Kwa Dar ni sawa, kule hewa ina unyevu wa bahari na uso unang'aa kabla hujafika kituoni. Sisi huku tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na tangu Mei hadi Novemba hivi mvua ni ya kusikia kwenye taarifa ya habari. Mwezi wa saba na wa nane ndiyo upepo unatuchapa, midomo inapasuka, visigino usiseme. Ukijipaka kwa kufuata zile video, poda inaganda juu ya ngozi kavu, inajaa kwenye mikunjo ya mdomo, na kamera haikuonei huruma.

Mwezi wa nane nilikwenda kupiga picha ya maana. Sebuleni kwa mama, Mpwapwa, ukuta umejaa fremu za watoto wake. Wadogo zangu wana za harusi na za mahafali ya chuo. Yangu ni ya kidato cha nne, na nimefumba macho. Mama akasema, "Mwanangu, lete nyingine, wajukuu wananiuliza huyu ni nani." Nikaamua kujipaka mwenyewe. Saluni zina mafundi hodari, siwasemi vibaya, lakini wengi mkono wao umezoea bibi harusi. Unatoka pale umependeza, ila umekuwa mweupe na shingo imebaki na rangi yake. Mama alikuwa anamtaka mwanawe.

Kazi yenyewe inaanza usiku wa kuamkia siku ya picha. Sugua midomo taratibu kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, paka vaselini ya kutosha, lala. Asubuhi nawa, na kabla uso haujakauka paka losheni yenye glisirini. Usingoje ukauke. Glisirini kazi yake ni kushika maji, sasa katika hewa kavu kama yetu usipoipa maji ya kushika juu, inaweza kuyavuta kutoka ndani ya ngozi, na uso unabana kuliko mwanzo. Juu yake mimi nikaweka tone la mafuta ya alizeti, haya haya ya barabara ya Singida. Mdogo wangu alinicheka kwamba nanukia chapati. Nikayaacha yaingie, nikabandika tishu usoni ikafyonza yaliyozidi, kwa sababu fondesheni juu ya mafuta mabichi inateleza. Acheke tu, ngozi haikukatika mpaka jioni.

Fondesheni nilinunua sokoni Majengo. Muuzaji atataka kukujaribishia nyuma ya kiganja. Mkatalie kwa upole, jaribu kwenye taya, pale uso unapokutana na shingo. Kisha toka nje kabisa uangalie kwa kioo, maana chini ya turubai la bluu kila rangi inadanganya. Wengi wetu paji la uso ni jeusi kuliko mashavu, kwa hiyo rangi mbili zilizochanganywa kidogo kidogo zinafaa kuliko moja. Na masikio jamani! Yapakeni, hasa mkisuka nywele za kurudi nyuma.

Poda niligusa puani na katikati ya paji tu. Hapa kuna jambo ambalo watu hawaambiwi: poda zile nyeupe zisizo na rangi mara nyingi zimetengenezwa kwa silika, na baadhi ya krimu za kukinga jua zina titani au zinki. Kwa macho hazionekani. Mwanga wa flashi ukizipiga, zinaurudisha kwenye kamera, na unatokea kama umeshinda kwenye mashine ya kusaga. Kabla ya kuondoka nyumbani ingia chumba chenye giza, jipige picha na simu flashi ikiwa imewashwa. Ukiona weupe, futa na uanze upya, muda bado unao.

Kope bandia sikuweka. Upepo unainua kingo zake, vumbi linaingia, macho yanatoa machozi, na wanja nao unaanza safari. Nyusi, mashavu na midomo nilizidisha kidogo kuliko ninavyotoka kwenda kazini, kwa kuwa kamera inapunguza rangi. Kwenye kioo nilijiona nimezidi. Kwenye picha ilikuwa kawaida kabisa.

Tulipiga saa kumi na moja jioni kwenye mawe ya upande wa Mlimwa, kwa sababu jua la saa saba linatia kivuli chini ya macho ambacho hakuna konsila, ile krimu ya kufichia madoa, ya kukiondoa. Ila jua la jioni lina unjano wake, na lipstiki nyekundu inageuka kama ya machungwa. Mimi nilichagua rangi ya zabibu zetu nyeusi, ikatulia. Kijana mpiga picha aliniamkia "shikamoo mama", nikaitikia huku roho inauma. Kwenye mkoba nilikuwa na tishu, chupa ndogo ya maji ya kupuliza, na kanga ya kujifunika kila upepo ulipokuja na lile vumbi jekundu.

Mambo ya kuhariri zungumzeni kabla ya kulipa. Yule kijana alitaka kulainisha uso wote na kufuta kovu la kwenye nyusi, nililolipata kwenye baiskeli ya baba. Nikamwambia aondoe uzi uliokuwa begani, kovu aliache. Tukachapa kwenye karatasi isiyong'aa, kwani ukuta wa mama unatazamana na dirisha.

Mama ameitazama, akaipangusa kwa upande wa kanga, akauliza mbona sikucheka.