Wiki mbili na mhuri wa shule

Jumapili, saa nne usiku.

Kesho asubuhi namrudishia Mama Mkuu, mwalimu mkuu wetu, funguo za ofisi na mhuri wa shule. Nimekaimu nafasi yake kwa wiki mbili, tangu alipokwenda Bagamoyo kwenye mafunzo ya uongozi pale ADEM, wakala wa serikali unaofundisha viongozi wa elimu. Nina miaka sita nikiwa msaidizi wake, lakini siku hizi kumi za kazi ndizo zilizonionyesha kazi yake ni ipi. Naandika usiku huu, maana akishafika nitaanza kutafuta maneno mazuri ya kumweleza.

Shule yetu ni ya msingi, ya kijijini, huku Muheza, katikati ya michungwa. Wanafunzi 640, walimu 11. Siku ananikabidhi ofisi sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Nilishamwona akisaini, akijibu simu, akipokea wageni, akiongoza vikao. Nikajiambia, haya yote nayaweza.

Na kweli niliyaweza. Jumatatu ya kwanza, kengele haijagongwa, simu ikalia: kundi la WhatsApp la kata linataka idadi ya madawati, mazima na mabovu, kwa kila darasa, kabla ya saa nne. Nikahesabu, nikatuma. Jumanne ikawa matundu ya vyoo. Jumatano mahudhurio ya wiki iliyopita, kwenye fomu mpya. Alhamisi wakaja wageni wa halmashauri, nikakaa nao mpaka saa saba mchana. Hakuna taarifa iliyochelewa. Jioni nilifunga ofisi nikiona nimefanya kazi ya watu watatu.

Hisabati ya Darasa la Tano ni somo langu. Kila kipindi kilipofika nilimwita kiranja, nikamwambia: waambie wafanye zoezi linalofuata, nakuja sasa hivi.

Mama Mkuu ana jambo moja ambalo nimeliona tangu mwaka wa kwanza, nikalichukulia kuwa ni mazoea yake tu. Akiingia darasani kukagua, haanzi na andalio la somo. Mwalimu anamletea andalio na azimio la kazi, vyote vimevikwa jalada la kaki, naye anasema, "Asante mwalimu, viweke hapo." Anakwenda nyuma, anajibanza kwenye dawati na watoto, anaomba madaftari matatu: la mtoto anayejua, la mtoto wa kati, na la yule anayejikunyata ili asionekane. Analifungua daftari kutoka mwisho kurudi mwanzo. Anatafuta tarehe ya mwisho yenye wino mwekundu. Kisha anatazama kama kosa lililosahihishwa wiki iliyopita limerudi tena wiki hii. Mbele ya watoto hasemi kitu. Baadaye utamwona chini ya mwembe na mwalimu yule, wawili tu, na swali lake la kwanza ni lilelile siku zote: "Nini kimekukwamisha, mwalimu?"

Na akiuliza, anataka jibu. Mwaka mmoja nilimjibu kwamba darasa langu lina watoto 61 na madaftari siyamalizi. Nilitegemea anihimize nijitahidi. Badala yake alinipunguzia zamu, akawa anachukua nusu ya madaftari yale kwenda nayo kwake, mwezi mzima, hadi nilipopata pumzi.

Basi Ijumaa ya wiki ya kwanza nikasema nami nikague. Maandalio ya walimu wote nilikuwa nimeshayasaini, yote safi. Nikapita Darasa la Tatu, nikapita la Sita, nikaingia na la Tano wakati wa Kiingereza. Nikamwomba mtoto mmoja daftari. Akanipa la Hisabati, kwa sababu ndilo analojua mimi huwa naliomba.

Nilikuta hesabu za sehemu. Nusu kujumlisha theluthi moja, amejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, akapata 2/5. Swali la pili hivyohivyo. Ukurasa wa pili, wa tatu, zoezi la Jumanne, la Alhamisi. Kosa moja limejirudia ukurasa hadi ukurasa, kwa mwandiko mzuri, pambizo limepigwa kwa rula, tarehe zimeandikwa kwa maneno kama nilivyowafundisha. Hakuna wino mwekundu popote. Wiki nzima mtoto huyu alikuwa akijifunza kukosea kwa bidii, na mimi nilikuwa hatua 30 kutoka hapo, nahesabu madawati.

Nilimrudishia daftari lake nikashindwa hata kumtazama.

Mama Mkuu hufundisha kusoma Darasa la Kwanza, kipindi cha kwanza, kila siku. Wageni wakifika saa hiyo wanapewa viti na chai, wanamsubiri amalize. Nimewahi kumwonea aibu kwa hilo, nikiona anawadharau wakubwa. Sasa nimegundua jambo ambalo sikuliuliza kabla: kabla ya kwenda Bagamoyo alikaa siku mbili na mwalimu wa darasa la awali, wakapanga herufi na silabi za wiki zote mbili, siku kwa siku. Yeye yuko mbali, Bagamoyo huko, na kipindi chake hakijalala hata kimoja. Changu kimelala nikiwa ndani ya uzio wa shule.

Ijumaa ileile usiku alinipigia.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba mwalimu. Habari za shule?"

Nikaanza: madawati tumetuma, vyoo tumetuma, wageni wamekuja wakaondoka wameridhika.

"Hizo nimeziona kwenye kundi. Darasani umeingia kufundisha?"

Ningeweza kuzunguka. Nikasema, "Sijaingia, Mkuu."

"Haya. Jumatatu ingia."

Hakuongeza neno. Tukaagana.

Wengi wetu tunateuliwa kwa sababu tulifundisha vizuri, halafu uteuzi huohuo unatutoa darasani. Watu wanaiona posho ya madaraka na kiti cha kuzunguka. Sikuona, mpaka nilipokikalia, jinsi kile kiti kinavyokudanganya kwamba kazi ni zile zinazolia kwenye simu. Mtoto anayekosea sehemu halii. Mwalimu mkuu mzuri, kwa nilivyoona, ni yule anayekilinda kipindi dhidi ya kila mtu, akiwemo yeye mwenyewe. Jumatatu ya pili niliingia darasani, takwimu zikaenda saa tano badala ya saa nne. Nilipigiwa simu, nikakaripiwa kidogo, nikaomba radhi. Shule haikuanguka.

Kuna na hili la viboko. Kanuni za mwaka 2002 zinasema visizidi vinne, na anayechapa awe ni mwalimu mkuu au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, tena iandikwe kitabuni. Siku yangu ya pili wenzangu wawili waliniletea barua niwasainie ruhusa hiyo. Kwa Mama Mkuu hawajawahi kuipata. Nikafungua kitabu cha adhabu kutafuta anafanyaje: kurasa zake karibu zote ni nyeupe. Sikusaini, lakini pia sikuwa na cha kuwaambia, nikasema tusubiri arudi. Yeye angewauliza nini kimewakwamisha, na najua wangemweleza.

Msimu huu wa machungwa ndio wa utoro. Malori yanakuja hadi kutoka Kenya, na mvulana wa Darasa la Sita anayebeba tenga kutoka shambani hadi barabarani analala na hela mfukoni. Mimi niliandika barua tisa za wito kwa wazazi. Walikuja wawili. Wiki ya pili nikachukua kitabu cha mahudhurio kwapani kama afanyavyo yeye, nikaenda shambani kwenyewe. Dalali aliponiona alicheka, "Leo Mama yuko wapi?" Kumbe wana makubaliano naye tangu mwezi wa sita, mbele ya mwenyekiti wa kijiji: hakuna kumpa mtoto kazi kabla ya masomo kwisha. Alikuwa ameyasahau kwa sababu hakuna aliyepita kumkumbusha. Vijana wanne nilirudi nao.

Fedha zilikuwa rahisi kuliko nilivyoogopa, na ni kwa sababu yake. Ruzuku ya serikali ni shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, 4,000 zinabaki juu serikalini kwa ajili ya vitabu, na sisi tunapata kama 320,000 kwa mwezi. Yeye hubandika karatasi ukutani nje ya ofisi: kilichoingia, kilichotoka, mpaka boksi la chaki. Nilinunua kufuli mbili nikasahau kuandika. Kesho yake mzazi wa kamati ya shule aliniuliza kwa upole zimetoka fungu gani. Nilikwenda kuandika mbele yake. Nilidhani karatasi ile ni ya kuwaridhisha wazazi, kumbe inamlinda pia aliyeibandika.

Saa tano sasa. Madaftari ya Darasa la Tano yako hapa mezani, 58. Nimesahihisha 41. La yule mtoto wa sehemu nimeshalipitia. Ijumaa aliweka kigawe sita chini ya zote mbili, akaandika tatu, akaandika mbili, akapata 5/6. Kesho nitamwomba Mama Mkuu aanze na daftari hilo, na alifungue kama anavyofungua siku zote, kutoka mwisho kurudi mwanzo.