Siku nilipohojiwa mwaloni

Julai 2013 nilirudi jimboni kutoka Bunge la Bajeti, nimechoka na Dodoma na baridi yake ya upepo. Mkutano wa kwanza ulipangwa mwaloni, pale ziwani mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga, saa kumi jioni, dagaa wakishaanuliwa. Nilikuwa nimejiandaa kuzungumzia barabara. Hakuna aliyeiulizia.

Bunge lilikuwa limepitisha Sheria ya Fedha, na ndani yake ushuru wa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa kila laini ya simu. Mama mmoja muuza dagaa akasimama na simu mbili mkononi, moja imefungwa kwa raba betri isidondoke.

"Mheshimiwa, hii ni ya kupokelea hela za wateja wa Mwanza. Hii ya kuongea na wanangu. Vocha naweka ya mia tano. Hiyo elfu mbili ya kila mwezi naitoa wapi?"

Nikaanza kujibu kiwakili: muswada huletwa na Serikali, Kamati inauchambua, kisha Bunge... Mzee mmoja akanikatisha.

"Wewe ulisema ndiyo au siyo?"

Miaka yote niliyosimama Mahakama Kuu Mwanza, hivyo ndivyo nilivyowabana mashahidi wa upande wa pili. Ndiyo au siyo, hadithi baadaye.

"Nilisema siyo, mzee wangu."

"Ushahidi uko wapi?"

Hapo ndipo penyewe. Bajeti hupigiwa kura kwa kuitwa jina moja moja, lakini muswada kama ule huamuliwa kwa sauti. Spika anahoji, wa ndiyo wananguruma, wa siyo wananung'unika, anatangaza kwamba waliosema ndiyo wameshinda. Hansadi, kumbukumbu rasmi ya mijadala ya Bunge, haiandiki nani alipaza sauti gani. Siyo yangu ilipotelea humo humo ukumbini. Shahidi pekee angekuwa jirani yangu wa kiti, naye muda ule alikuwa anachati.

Mzee hakuniachia. "Na lile duka la jumla la vocha pale mjini ni la nani?"

"La kwangu."

"Sasa uliukataa kwa ajili yetu, au kwa ajili ya vocha zako?"

Mahakamani ningeweka pingamizi. Pale mwaloni hakimu alikuwa yeye mwenyewe.

"Vyote viwili, mzee. Ninyi msiponunua vocha, mimi nafunga duka."

Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka, aliniangalia kidogo, akakaa. Nimeshahojiwa na majaji na maofisa wa kodi, na kwenye vikao vya chama ndiyo usiseme, lakini hakuna aliyenibana kama yule.

Ushuru ulifutwa kabla mwaka haujaisha, baada ya kelele za wananchi na za kampuni za simu. Kampeni za 2015 zilipoanza, wapambe wangu walitaka tutangaze jukwaani kwamba mbunge wenu aliukataa tangu mwanzo. Nikawaambia waliache hilo. Yule mzee hakosi mkutano.