Nilivyoumaliza mtetemo wa usukani kwa kuhamisha na kubalansi matairi

Gari lilikuwa likikaribia kilomita 90 kwa saa, usukani unaanza kutetemeka; likivuka 110, unatulia. Kiti kilikuwa kimya kabisa, na hilo lilinipa pa kuanzia. Gurudumu la mbele likikosa balansi, mtetemo hupanda hadi mikononi. La nyuma hujisikia zaidi kwenye kiti na sakafu. Isitoshe, gari halikuwa likivuta upande wowote, na matairi hayakuwa yameliwa ukingo mmoja. Kwa hiyo sikuomba alaimenti, ingawa watu wengi wakihisi mtetemo huikimbilia hiyo kwanza. Alaimenti hurekebisha pembe ambazo magurudumu yamekaa. Balansi ni habari ya uzito: je, tairi na rimu yake vina uzito uliogawanyika sawasawa pande zote?

Kwa kuwa magurudumu yote yangefunguliwa, niliamua kuyahamisha papo hapo. Gari langu huvutwa na magurudumu ya mbele. Hayo ndiyo yanayovuta, yanayokata kona na yanayobeba sehemu kubwa ya kazi ya breki, basi huisha mapema kuliko ya nyuma. Kabla gari halijapandishwa jeki, niliandika kwa chaki ubavuni mwa kila tairi mahali lilipotoka. Ya mbele yalirudi nyuma moja kwa moja, kila moja upande wake. Ya nyuma yakaja mbele kwa kupishana, la kulia likaenda kushoto na la kushoto kulia. Ukikuta mshale wa mwelekeo ubavuni mwa tairi, usikubali lipishanishwe namna hiyo, libaki upande wake. Na kama matairi ya mbele na ya nyuma hayalingani saizi, hayabadilishani kabisa.

Kwenye mashine ya balansi ndipo niliposimama muda mrefu. Nilimwomba fundi abandue kwanza vyuma vya uzito vya zamani na kukwangua tope lililoganda ndani ya rimu, maana tope nalo ni uzito. Akalifunga gurudumu, likazunguka, kioo kikaonyesha gramu 35 upande wa ndani na 20 upande wa nje. Akagongea vyuma pale mashine ilipoelekeza. Nikamwambia, "Fundi, naomba ulizungushe tena." Likatoa 10 badala ya sifuri. Hakubishana. Alilifungua, akapitisha kidole kwenye tundu la katikati ya rimu, kikatoka na vumbi la kutu: gurudumu halikuwa limekaa katikati ya ekseli ya mashine. Akasugua, akalifunga upya, akaanza vipimo mwanzo. Safari hii vyuma vilipobandikwa, zikaja sifuri mbili. Huo mzunguko wa pili ndio ningemwomba kila mwenye gari audai, kwa sababu bila huo huna uthibitisho wowote kwamba kazi imefanyika.

Kurudisha magurudumu nako kunataka subira. Sehemu ya gari ambako rimu hukaa ilisuguliwa kwa brashi ya waya, nati zikaanzishwa kwa mkono, kisha zikakazwa kwa kuruka, yaani nati inayofuata ni ile ya upande wa pili, si ya jirani. Mashine ya upepo ilitumika kuzisogeza tu. Mkazo wa mwisho ulikuwa wa spana yenye kipimo, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari.

Kuna jambo dogo ambalo husahaulika sana: upepo. Kwenye magari mengi kipimo cha mbele si sawa na cha nyuma, na tairi likihama huhama na upepo wake. Niliangalia kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva, tukajaza na kupunguza kulingana nacho.

Barabarani nilipita 90, nikafika 100, usukani umetulia. Nilipotembea kama kilomita 80 hivi nilikaza nati tena kwa kipimo kilekile, kisha nikaandika namba ya kilomita ili nihamishe tena baada ya 10,000. Kama mtetemo ungebaki, ningeomba rimu zikaguliwe kama zimepinda, na matairi kama yamevimba, kwa sababu hayo hayaponi kwa vyuma vya balansi. Na mtetemo unaokuja pale tu unapokanyaga breki usiupeleke kwenye mashine hii. Huo anza kuutafuta kwenye diski.