Basi Umeshajibiwa

Sijalala vizuri tangu matanga. Si kwa sababu ya msiba wenyewe. Bibi wa Pangani tumemzika Jumanne, kaondoka akiwa ameshiba umri na watoto wake wote wapo, na uhamisho wangu wa shule nao umetoka katikati ya wiki hiyohiyo, hayo nitayaandika siku nyingine. Kinachonikosesha usingizi ni maneno mawili ya Baba Mkubwa, aliyoyasema amekaa mkekani na kikombe cha kahawa mkononi.

Kahawa alikuwa anagawa Kitasa. Mnamjua mdogo wangu, tangu goti limtoe uwanjani hakuna msiba wa ukoo huu ambao hakushika birika. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la vikombe vilivyooshwa, nasubiri aje kulipokea. Wazee wamejaa barazani. Baba Mkubwa akamwuliza:

"Ile barua yako ya kuomba ukocha imefikia wapi?"

"Bado hawajajibu, Baba Mkubwa."

"Uliipeleka lini?"

"Kabla ya Ramadhani."

"Basi umeshajibiwa."

Akanyoosha kikombe aongezewe. Kitasa akamwongezea. "Sawa, Baba Mkubwa," akasema, kwa sauti ileile aliyokuwa akiwakaribishia wageni, akasogea kwa mzee aliyefuata. Mazungumzo yakarudi kwenye bei ya saruji.

Nimeyasikia tena maneno hayo nikiwa nasahihisha madaftari, nikiwa nakuna nazi, nikiwa kwenye daladala. Nimejaribu kuyasikia kwa sauti ya huruma, nikasema labda alitaka kumpunguzia kijana mzigo wa kungoja. Nimejaribu kuyasikia kwa sauti ya dharau. Ukweli ni kwamba hayakuwa na huruma wala dharau. Aliyasema kama mtu anayekutajia saa. Ndiyo maana yanauma. Na Baba Mkubwa si mtu mbaya, nyote mnajua nani alilipa ada zetu Baba alipofariki. Mtu kama huyo akisema umeshajibiwa, unaanza kuamini kwamba umeshajibiwa.

Barua yenyewe haikuomba makubwa. Timu ya vijana tu, wasaidizi wa wasaidizi. Jina la timu silitaji. Kitasa alicheza beki wa kati miaka yake yote, daraja la kwanza na ndondo zote za mji huu, akauza pikipiki ili aende kozi ya ukocha ya leseni D, akaambatanisha cheti, akaandika kwa mkono wake kwa sababu anaamini mwandiko mzuri ni heshima. Akaipeleka mwenyewe mpaka ofisini. Tangu hapo hajaambiwa kwamba imepokewa, wala kwamba nafasi imejaa.

Usiku ule wa matanga, nikiwa nimelala na akina Shangazi chini ya feni isiyozunguka, nikamkumbuka Jack Charlton, beki wa zamani wa Uingereza aliyekuja kuwa kocha. Wasomaji wa zamani mnajua mapenzi haya nimeyarithi kwa Baba, Mungu amrehemu, naye aliyapata kwenye redio. Mwaka 1977 kocha Don Revie aliondoka ghafla kwenye timu ya taifa ya Uingereza. Nafasi ikawa wazi. Jack akaandika barua kuomba kazi.

Mtazameni mtu anayeandika barua hiyo. Mtoto wa mchimba makaa ya mawe wa Ashington, kule Northumberland, ambaye mwenyewe alishuka mgodini akiwa kijana, akaona kulivyo huko chini, akaacha. Aliomba upolisi, siku ya usaili ikagongana na siku ya kujaribiwa Leeds, akachagua mpira. Leeds akaanza kuichezea mwaka 1953 na hakuhama mpaka alipostaafu mwaka 1973: mechi 629 za ligi, klabu moja. Alitwaa Kombe la Dunia mwaka 1966. Alipomaliza kucheza alichukua Middlesbrough ikiwa daraja la pili, na msimu wake wa kwanza kabisa akaipandisha ikiwa bingwa, imeiacha timu ya pili kwa pointi 15, enzi ambazo ushindi ulikuwa pointi mbili tu. Wakampa tuzo ya kocha bora wa mwaka 1974, na hakuwa hata ligi kuu.

Mtu huyo hakujibiwa. Kazi akapewa Ron Greenwood, na Jack hakupata hata kipande cha karatasi cha kumwambia tumeiona barua yako. Aliapa kwamba hataomba tena kazi kwa chama cha soka cha Uingereza, na hakuomba tena.

Basi nikalala pale nikimjibu Baba Mkubwa moyoni, majibu ambayo adabu isingeniruhusu kuyatoa barazani mbele za watu. Baba Mkubwa, kama kimya ni jibu, kilimjibu nini Jack? Kwamba hajui mpira? Kwamba kombe aliloshika ni la kuazima? Kimya kile kilieleza habari za waliokaa ofisini. Habari za Jack hakikuzieleza hata kidogo.

Na kinachonisumbua zaidi ni kwamba Jack alishawahi kupewa jibu kali la usoni, na alilipenda. Alf Ramsey, kocha wa Uingereza wakati huo, alimwita timu ya taifa kwa mara ya kwanza Aprili 1965, dhidi ya Scotland, Jack akiwa amebakiza wiki chache kufika miaka 30. Mwenyewe alishangaa. Siku moja akamwuliza Ramsey kwa nini amemchagua yeye. Ramsey akamwambia kwamba ana namna yake ya kucheza kichwani, na huchagua watu wanaofaa namna hiyo, si lazima wawe wachezaji bora. Jack alisimulia jibu hilo miaka na miaka. Lina ukali, lakini mtu unaondoka nalo ukijua umesimama wapi. Alijua kazi yake ni kuruka juu, kukaba, na kuziba nyuma nahodha Bobby Moore akipanda na mpira. Alicheza mechi 35 kwa kujua hivyo tu. Kwenye fainali ya Wembley, dakika ya mwisho, mpira wa adhabu ukatolewa dhidi yake, Wajerumani wakausawazishia humohumo ikawa mbili kwa mbili, na bado akasimama imara dakika zote za nyongeza mpaka ikaisha nne kwa mbili. Filimbi ilipolia alipiga magoti na kuficha uso.

Kitasa angeambiwa "wewe hufai kwa sababu hii na hii" angekwenda kuitafuta hiyo sababu na kuifanyia kazi. Ninamjua. Aliambiwa na kocha wake wa kwanza kwamba mguu wa kushoto hauna kazi, akaupigisha ukuta wa nyumba yetu mpaka Mama akalia na plasta. Umpe nini cha kufanyia kazi katika ukimya?

Alhamisi jioni alikuja kurudisha masufuria ya msiba. Nikamkalisha jikoni nimsimulie habari ya barua ya 1977. Nilikuwa nimeipanga kabisa, ianzie wapi na imfariji wapi. Akanisikiliza akila mihogo. Nikafika pale Jamhuri ya Ireland walipomchukua Februari 1986, kocha kutoka nje, tena Mwingereza, na wengi hawakumtaka. Nikamwambia alikwenda Mexico kutazama Kombe la Dunia mwaka huohuo, akaona timu zote zinaanza mpira polepole kutoka nyuma, zinapita kwa fundi wa katikati, na mabeki wa pembeni wanakaa na mpira kwa raha zao. Akaamua timu yake haitacheza hivyo. Mpira utapigwa nyuma ya mabeki wa pembeni, halafu watu wakimbie kuwabana hukohuko.

Kitasa akaacha kutafuna.

"Dada, na mabeki wake yeye walikuwa wanasimama wapi mpira ukishapigwa?"

"Wanapanda."

"Wote?"

"Nadhani wote."

"Basi si butuabutua hiyo!" Akasimama. "Watu wanasema butua kwa sababu wanatazama mpira. Mtazame beki wa upinzani. Ukimgeuza akakimbia akitazama goli lake mwenyewe, hana pasi ya kutoa. Anatoa nje au anatoa kona. Wewe unapata mpira kule mbele bila kutoa pasi hata tano. Lakini mabeki wako wakibaki nyuma, katikati panakuwa uwanja mtupu na umekwisha."

Akachukua ndimu kutoka kwenye ungo akazipanga juu ya meza. Nne nyuma, nne kati, mbili mbele. Akanionyesha nani anasogea lini. Akanionyesha kwa nini Jack alimweka Paul McGrath, beki, acheze mbele ya mabeki: ili mpira ukirudi ukutane na mtu mwenye kichwa na kifua. Mimi nimesoma habari za Jack miaka yote hii na hilo sikuwa nimelielewa mpaka ndimu zilipopangwa. Barua nikaisahau. Mdogo wangu alikuwa anafundisha, jikoni kwangu, na mwanafunzi wake alikuwa mimi, na sijamwona na uso ule tangu alipovua viatu.

Nikampa Stuttgart kama zawadi. Tarehe 12 Juni 1988, Kombe la Ulaya, Ireland dhidi ya Uingereza. Dakika ya sita, krosi ikarushwa juu, mabeki wa Uingereza wakashindwa kuondoa, Ray Houghton wa Ireland akaupiga kichwa. Moja bila. Dakika zote zilizobaki Uingereza wanashambulia, kipa wa Ireland, Packie Bonner, anaokoa, na kwenye benchi amekaa yule ambaye barua yake haikujibiwa. Ninachokumbuka mimi cha siku hizo ni Baba kupiga paja lake kwa kiganja na kutuambia tunyamaze, redio inakwaruza. Kitasa hakuwa amezaliwa. Alinitaka nirudie namna goli lilivyoingia, nikarudia.

Si kwamba alikubali kila kitu. Nilipomwambia kwamba mwaka 1990 kule Italia walifika robo fainali bila kushinda hata mechi moja ndani ya muda wa mchezo, wakapita kwa penalti dhidi ya Romania, akauliza walifunga mabao mangapi. Mawili, mechi tano. Akatikisa kichwa. Na alipojua mfumo wa Jack haukuwa wa kumfaa kiungo fundi kama Liam Brady alikunja uso kabisa. "Hapo mimi simfuati," akasema. "Mtoto mwenye kipaji cha mguu huwezi kumwambia akimbize tu. Vijana wa siku hizi watakukimbia." Niliona ameshafikiri haya kwa muda mrefu, anajua timu yake itacheza vipi, namba kwa namba, ingawa timu hana.

Alipokuwa anaondoka nikataka kumwuliza kama maneno ya Baba Mkubwa yalimwingia. Nikamwuliza. Akasema, "Yapi?" Nikamtajia. Akasema, "Ah, Dada, mzee alikuwa anaongea tu." Akabeba sufuria kubwa la mwisho, akatoka. Sijui kama ni kweli hayakumwingia au ananilinda mimi. Ameniambia Jumatatu atakwenda palepale ofisini na nakala ya pili, aiweke mezani, asimame hapo mpaka mtu afungue mdomo. Nimemwambia aende na shati la bluu.

Kuna jambo la Jack sikumsimulia. Miaka ya mwisho alipoteza kumbukumbu, mambo ya Stuttgart na ya Italia yakamtoka kidogokidogo, akafariki nyumbani kwao Northumberland tarehe 10 Julai 2020 akiwa na miaka 85. Mdogo wake, Bobby Charlton, naye alipatwa na maradhi hayohayo, akafariki Oktoba 2023. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow walishaonyesha mwaka 2019 kwamba waliocheza mpira wa kulipwa Scotland hufa kwa maradhi ya ubongo mara tatu na nusu zaidi ya watu wengine, na mabeki ndio wanaoruka vichwa kila siku. Kitasa alikuwa bingwa wa vichwa mji mzima. Nimelifungia jambo hilo kifuani kwanza, apite Jumatatu.

Na sasa naandika haya nikiwa na kiu, kwa sababu maji ya kisima chetu yamebadilika. Tangu Ijumaa chai ina chumvi hata ukizidisha sukari, na sabuni haitoi povu. Jirani amechimba kisima kirefu upande wa baharini na pampu yake inanguruma mchana kutwa, labda ndiyo, labda ni kiangazi tu kimezidi. Mama ana presha, na daktari alimkataza chumvi kwenye mboga, maji hatukuyafikiria. Leo nimemnunulia maji ya dukani, dumu moja, na hataki kuyanywa, anasema yana ladha ya plastiki. Kesho nitapeleka chupa ya maji ya kisima yakapimwe, na kama kuna anayejua Tanga hapa wanapima wapi bila kuzungushwa, aniandikie.