Venye tundu la moyo lilipatikana nikiwa mtu mzima

Mi nimezaliwa nalo hili tundu na sikujua mpaka nikapita miaka 40. Watu wakisikia tundu kwenye moyo wanafikiria mtoto mchanga midomo ya bluu, kumbe kuna aina inakaa kimya tu, unacheza netiboli shule, unaolewa, unazaa, halafu baadaye ndio pumzi inaanza kukatika. Kupanda kilima cha Riat nilikuwa napanda nikiongea na simu, ikafika mahali lazima nisimame nishike kiuno, na usiku moyo unaenda mbio na nimelala tu. Nikatibiwa asma nikapewa ile pampu ya kuvuta, nikapimwa TB, hakuna kitu. Huku kwetu ukisema moyo wanawaza valvu zilizoharibiwa na ile homa ya utotoni, na siwalaumu juu ndiyo inaonekana sana.

Eko ya kwanza, yaani ile ultrasound ya moyo, nilifanyiwa kwa kliniki fulani hapa Kisumu. Unavua juu, unalala ubavu wa kushoto, unapakwa jeli baridi na probu, kile kifaa cha kupiga picha, inasukumwa katikati ya mbavu. Haina miale kama eksrei, ni sauti tu ambayo sikio halisikii, inagonga moyo inarudi inakuwa picha. Ripoti ikasema moyo unasukuma vizuri, valvu sawa, na chini kabisa ka-mstari kamoja: upande wa kulia umepanuka kiasi. Nikaambiwa niko sawa, nipunguze chumvi.

Nikamtumia binamu yangu picha ya ripoti kwa WhatsApp, yeye ni klinikal ofisa, akapiga hapo hapo. "Sista, upande wa kulia haupanuki bure. Rudi uulize umepanuliwa na nini." Hilo swali ndilo lilinisaidia kuliko dawa zote nilizokuwa nimemeza.

Daktari wa moyo niliyemwendea akarudia eko mwenyewe, akaweka probu hadi hapa juu ya tumbo, akawasha rangi (nyekundu ni damu inakuja kwa probu, bluu inaenda mbali, si ati safi na chafu). Ukuta wa katikati, ule unatenganisha kulia na kushoto, ulionekana mzima. Sasa hapo wengine wangeniachilia, yeye akaitisha mapovu. Nesi anachukua maji ya drip na hewa kidogo sana, anayasukuma nenda rudi kati ya sindano mbili mpaka yanatoka povu kama ya sabuni, anadunga haraka kwa mshipa wa mkono. Kwa skrini upande wa kulia ukajaa vitone vyeupe. Hivyo vitone kwa kawaida huishia kwa mapafu, havifiki kushoto. "Mama, kaza tumbo kama unaenda choo… haya achilia!" Nikaachilia, na mapigo matatu hayajaisha viko kushoto. Daktari akasema tu "eeh", akaanza kuandika.

Nikatumwa Eldoret kwa ile eko ya kumeza. Hujala wala kunywa tangu usiku, unapuliziwa ganzi kooni, unadungwa ya kulegeza, halafu bomba lenye probu linashuka. Sio tamu, nisidanganye mtu, mate we yaache yatoke. Lakini njia ya chakula imepita nyuma ya moyo kabisa, mbavu na mapafu haziko katikati, na tundu likaonekana: juu kabisa, karibu na pale mshipa mkubwa wa kutoka kichwani unaingilia, aina ya sinus venosus, na mshipa mmoja wa pafu unamwaga upande usio wake. Hii aina eko ya kifua huikosa mara nyingi. Na mahali tundu liko ndipo matibabu yanaamuliwa, yale ya katikati ya ukuta mengi huzibwa na kifaa kinachopitishwa kwa mshipa wa paja, yangu ilikuwa ya kupasuliwa. Lakini kwanza wakapima presha ya mapafu, juu ikishapanda sana kuziba inaweza kukuumiza zaidi. Yangu ilikuwa imepanda kidogo tu.

Nilipasuliwa, na eko za baadaye zinaonyesha upande wa kulia unarudi saizi yake. Kitu kingine, ukienda itisha video zenyewe kwa CD, sio karatasi tu, juu yule wa Eldoret ripoti yangu aliigeuza tu akauliza, "Picha ziko wapi?"